Kanuni Inaruhusu, Hailazimishi

Kanuni za mchezo ni lugha. Neno moja likibadilishwa, mchezo wenyewe hauna budi kubadilika. Hadi mwaka wa 2016, mpira wa kuanzisha mechi ya kandanda ulilazimika kupigwa kwenda mbele. Tangu hapo waweza kupigwa upande wowote, hivyo mchezaji mmoja hutosha katikati ya uwanja na wenzake hujipanga nyuma yake. Mwaka wa 2019 yalikuja mabadiliko makubwa zaidi: kipa anapoanzisha mpira kutoka langoni, si lazima tena utoke nje ya eneo la penalti kabla ya mwenzake kuugusa.

Hapo ndipo mbinu zilipogeuka. Timu za Ulaya huwavuta wapinzani karibu na lango kwa pasi fupi, kisha hulitumia pengo linaloachwa nyuma yao. Mbinu hiyo nimeiona ikiigwa na vijana wetu Kitale na Bungoma. Lakini viwanja vya shule nyingi huku vina mabonde, na wakati wa mvua huwa matope matupu. Pasi fupi mbele ya lango hapo ni zawadi kwa mpinzani, na lawama humwangukia mtoto.

Nawasihi walimu wenzangu waisome kanuni kama wasomavyo sentensi. Imetoa ruhusa, haikutoa amri. Baina ya "aweza" na "sharti" ndimo ilimo kazi ya mkufunzi. Nazo bodi za shule, kabla ya kudai kandanda ya kisasa, zisawazishe uwanja.