Stika ikatwe, lakini isibaki kwenye ndege

Ndugu mwandishi, mengi uliyosema kuhusu kuunda ndege za mfano ni sawa, ila kubandika stika moja kwa moja kwenye ndege nakupinga. Kwa kipimo cha 1:72, Dash 8 Q400 ya ATCL tunayoiona ikitua Kigoma inabaki na urefu wa takriban sentimita 46. Hapo stika ya bodaboda inaonekana nene kama bati. Sisi huku Gungu tunaomba mabaki kwa mafundi stika, tunatoboa umbo la twiga wa ATCL kwa wembe mpya, tunabandika mkiani, tunapaka rangi kwenye tundu, kisha tunabandua kabla rangi haijakauka kabisa. Rangi isiyokoza itangulie. Penye mviringo zungusha stika, siyo wembe. Herufi za usajili, 5H na zinazofuata, anzia kukata kwenye kona, maana ndipo zinapochanika.

Halafu mbona hakuna anayeigusa Short 827? Ni ndege za majini ambazo Wabelgiji walizitumia kupiga mabomu Kigoma Juni 1916, wakiiwinda meli ya Graf von Götzen, Liemba yetu ya leo. Watoto wa hapa wanaijua meli. Ndege zile hawajaziona hata kwa mfano. Tafadhali tuandikie makala yake.