Kosa Dogo la Kitabu cha Mwongozo

Wako watu wasemao kwamba kosa katika kitabu cha kuelekeza wageni kwenye viwanja vya gofu si jambo la kumnyima mtu usingizi. Nani atakufa, wanauliza, kwa kuwa mwandishi kaandika mashimo 18 mahali penye 9? Mimi nawakatalia, ijapokuwa huku Izimbya gofu si mchezo wetu, na mikono yetu imezoea jembe na mundu wa migombani kuliko fimbo za gofu.

Chukua mfano wa Jinja, ng'ambo ya ziwa letu. Kiwanja cha pale kina mashimo 9. Watu hupenda kusimulia kanuni yake kwamba mpira ukitua katika unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Kisa hicho ni kitamu, na ni rahisi kukinakili. Kuhesabu mashimo kunataka miguu. Mwandishi akiandika 18 kwa kuwa mwenziwe kaandika hivyo, mgeni atapoteza siku yake, na atakayelaumiwa ni mchukua fimbo aliye mbele yake, wala si mwandishi aliye mbali.

Nasi yametukuta. Kitabu kimoja nilichokisoma, ambacho sitakitaja jina, kiliuchanganya mkoa wetu na Hifadhi ya Akagera. Akagera ni hifadhi ya Rwanda, tangu 1934. Kagera ni mkoa wa Tanzania, ulioitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Kinachotuunganisha ni mto tu. Mgeni aliyekuja kwetu kutafuta wanyama wa Akagera atasema tumemdanganya, nasi hatukumwandikia neno.

Tazama na habari ya meli. MV Victoria ilisimama kwa miaka kadhaa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Kitabu chochote kilichochapwa katika miaka ile ya kusimama, kikaahidi safari yake kati ya Bukoba na Mwanza, kilimpeleka msafiri bandarini kungojea maji matupu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu atampa nani uponyaji, naye kafika amekasirika?

Watajitetea kwamba mambo hubadilika. Kweli. Aliyeandika Ziwa Magharibi mwaka 1975 hakukosea; wakati ndio uliompita. Lakini Akagera haijapata kuhama Rwanda. Hilo si badiliko, ndugu msomaji, ni uvivu.

Tena, nani hununua kitabu cha mwongozo? Mwenyeji hanunui kitabu cha kumwelekeza kwake. Hununua asiyejua, asiye na njia ya kupima alichoambiwa. Basi kosa humwangukia yule yule aliyeamini. Ndiyo maana siliiti dogo.

Dawa yake si ngumu. Kila habari iandikiwe mwezi na mwaka ambao mwandishi alifika mahali penyewe. Asipofika, aseme kasikia. Kosa likionekana, itiwe karatasi ya masahihisho kabla kitabu hakijauzwa tena. Na wachapishaji wakilalamikia gharama, wapunguze kurasa. Kitabu chembamba cha mambo yaliyoonwa kwa macho kinatufaa, wageni na wenyeji, kuliko kinene cha mambo yaliyonakiliwa.