Jina Jema la Mnyonge na Simu Iliyo Mkononi Mwake



Katika jumuiya mojawapo ya parokia yetu hapa Basotu yuko mama ambaye tangu msimu wa kupanda hakuonekana tena kwenye sala ya jumuiya. Viongozi wake walidhani anaugua. Walipomtembelea walielezwa kisa ambacho, kwa ruhusa yake, tunakisimulia hapa pasipo kumtaja, maana jina lake ndilo lililojeruhiwa.

Mama huyu alipungukiwa fedha za mbegu za mahindi. Kijana wa jirani akamwonyesha katika simujanja programu ya mikopo isiyodai dhamana wala mdhamini. Aliomba shilingi 80,000. Zikamfikia 56,000, nyingine zikiwa zimekatwa kwa jina la gharama, naye akatakiwa kurudisha zote 80,000 katika siku saba. Siku ya nane hakuwa nazo. Siku ya tisa katekista wetu, mwalimu wa mwanawe, wakwe zake walioko Dongobesh, na hata fundi aliyemshonea sare za watoto mwaka juzi, wote walipokea ujumbe uliosema kwamba mama huyu ni tapeli anayekimbia deni, na kwamba wao ndio aliowaandikisha kuwa wadhamini wake. Hakuwa amemwandikisha mtu yeyote.

Majina hayo yalipatikanaje? Programu ile, ilipowekwa katika simu, iliuliza kwa Kiingereza kama inaruhusiwa kusoma orodha ya watu wote waliohifadhiwa humo. Mama akabonyeza palipong'aa. Ni nani kati yetu asiyebonyeza palipong'aa?

Wako watakaosema kwamba deni ni deni, alipe. Nasi twasema alipe. Na kwa kweli amekwisha kulipa, baada ya kuuza mbuzi wawili. Lakini hata katika Agano la Kale mdai aliwekewa mpaka. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinamkataza mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Yampasa asimame nje, na mwenye nyumba mwenyewe aitoe. Sheria hiyo haikufuta deni. Ililinda kizingiti cha nyumba ya maskini, watoto wake wasimwone baba yao akipekuliwa. Simu ya mama huyu ilikuwa nyumba yake. Mlikuwamo ndugu, marafiki, picha za watoto, na sauti ya marehemu mama yake iliyorekodiwa. Mkopeshaji aliingia humo asionekane, akatoka na majina ya watu wote, akayafanya fimbo ya kumpigia.

Msidhani kwamba jambo hili limempata yeye peke yake. Mijini wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wanaotumia simu na mitandao, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha wananchi bila leseni. Tunaipongeza kwa hatua hiyo. Hata hivyo tangazo la Dar es Salaam au Dodoma huchukua muda mrefu kuliko mkopo kufika Basotu, na programu iliyofungwa leo huweza kufufuka kesho kwa jina jingine.

Sheria nayo ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa na Rais mwezi Aprili 2024. Kwa sheria hiyo anayekusanya habari zako yampasa akueleze anazikusanya kwa kusudi gani, asizitumie kwa kusudi jingine. Nawe unayo haki ya kuziona, kuzisahihisha, na kukataa zisitumiwe kukutangazia biashara. Hata kabla yake Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, ililinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Kwa hiyo mama yetu hakukosa sheria. Alikosa mtu wa kumwambia kwamba ipo.

Hatutaki kuhesabu kero zote za simu, maana ukurasa hautoshi. Kifurushi kinachokwisha muda kabla hakijatumika, salio linalokatwa kwa ajili ya nyimbo usizoziomba, wakala anayesema mtandao hauko huku foleni ikirefuka: haya mnayajua kuliko sisi. Lipo moja, hata hivyo, ambalo lazima tulikawilie, nalo ni la kidole.

Tarehe 1 Mei 2019 ilianza kazi ya kusajili upya laini zote za simu nchini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa. Mwisho uliwekwa Desemba 31, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Kusudi lilikuwa jema, wahalifu wasijifiche nyuma ya namba zisizo na mwenyewe. Nasi tulipanga foleni. Wazee wetu, ambao jembe limewafuta alama za vidole kwa miaka hamsini, walibonyeza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, kijana wa wakala akisema, haijasoma, weka tena. Wengi wa vijana hao walikuwa waaminifu. Baadhi hawakuwa. Mahali pengi nchini ilikuja kugundulika kwamba ule mbonyezo wa pili ulisajili laini nyingine, iliyouzwa kwa mtu mwingine, na laini hiyo ikatumiwa kuwatumia watu ule ujumbe wa kitapeli tuujuao sote, wa kwamba ile hela itume kwa namba hii. Mzee mmoja wa kigango chetu alipoangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake alikuta nne. Yeye anayo moja, tena ya kitochi. Alimrudia yule kijana siku ya mnada, akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, uliniandika mara ngapi?" Kijana hakuwa na jibu.

Isaka alipopapasa mikono ya mwanawe aliyevaa ngozi za mbuzi, aliamini mikono ingawa sauti ilimpa shaka, na baraka ikaenda kwa asiyekusudiwa. Mashine nayo haisikii sauti. Ikishapokea kidole, yote yafanywayo kwa laini ile huandikwa juu ya mwenye kidole, na polisi wakija watakuja kwake.

Sisi watu wa Basotu na Hanang nzima tunayo sababu ya pekee ya kuogopa karatasi tusizozielewa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika tambarare zetu hadi kufikia ekari zipatazo 100,000. Ndugu zetu Wabarbaig walipoteza malisho yao bora, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kilishinda katika Mahakama Kuu, kikashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, kwa kuwa baraza la kijiji halikuthibitisha mbele ya majaji kwamba liligawiwa ardhi ile kisheria. Watu walikuwa pale, mifugo ilikuwa pale, makaburi yalikuwa pale, karatasi haikuwapo. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu lilitufundisha kwamba aliye na maandishi humshinda aliye na haki. Leo maandishi juu yetu yanatunzwa mbali zaidi, katika mashine tusizoziona, na aghalabu kwa lugha tusiyoisoma.

Tulipomshauri mama yule aandike malalamiko, mumewe alitujibu kwa maneno mawili: "Msitutafutie kesi." Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake na mbele ya mwalimu wa mwanawe anaogopa kusema kwamba ametukanwa!

Woga huo haukuota wenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, ilipopitishwa iliweka adhabu isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha katika mtandao habari za uongo au za kupotosha. Uongo ni dhambi, wala hatuutetei. Lakini mkulima atajuaje kama malalamiko yake juu ya kampuni kubwa yataitwa ukweli au upotoshaji, na nani atakayepima? Akiogopa kupoteza milioni tano, na ng'ombe wake wote hawafikii thamani hiyo, atanyamaza. Mwaka 2018 zikaja kanuni zilizowataka wenye kurasa za habari mtandaoni kulipa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni mbili. Naye Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa mwezi Desemba 2016, na baada ya kesi ndefu akatiwa hatiani mwezi Aprili 2020 kwa kuzuia upelelezi, akatozwa faini ya shilingi milioni tatu, baada ya kukataa kuwapa polisi habari za watu walioandika katika mtandao wake. Hatuingii katika hukumu ya mahakama. Twatazama tu kinyume hiki: yule aliyeficha majina ya watu alifikishwa mahakamani, na yule aliyeyatawanya majina ya jamaa za mama yetu hajulikani hata anapoishi.

Tena, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na giza hilo likaendelea kwa siku zipatazo tano. Wazazi wa hapa wenye watoto Dar es Salaam na Arusha wanakumbuka siku zile walivyokesha. Uvumi ulijaza mahali palipokosa habari, kama ufanyavyo siku zote. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kwamba mwananchi anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Siku hizo ndizo tulizohitaji taarifa kuliko siku nyingine zote.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa tarehe 11 Aprili 1963, anapohesabu haki za mwanadamu huweka mahali pamoja haki ya jina jema, haki ya kutafuta ukweli na kutoa maoni kwa kadiri ya maadili na manufaa ya wote, na haki ya kupata habari za kweli kuhusu mambo ya umma. Twaamini hazikuwekwa pamoja kwa bahati. Asiyeweza kusema hawezi kulitetea jina lake. Hapa kwetu mkopeshaji asiye na leseni amesema apendavyo juu ya mama huyu, na mama huyu haruhusiwi na woga wake kusema lolote juu ya mkopeshaji. Na tazameni: sheria ileile ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu moyoni. Kifungu kinachomwogopesha anakijua. Kinachomlinda hakuna aliyemsomea.

Nasi tusijifiche nyuma ya makosa ya wengine. Ni parokia ngapi zinazosoma kwa kipaza sauti majina ya wasiolipa zaka? Ni nani aliyepiga picha ya mgonjwa kitandani, akaituma katika kundi la jumuiya ili tumwombee, bila kumwuliza mgonjwa? Orodha ya namba za simu za wanakwaya ilibandikwa mwaka mzima kwenye mlango wa ukumbi wetu, nasi tulipita mbele yake kila Dominika. Imeondolewa juma lililopita. Kanisa linalotunza siri ya kitubio kwa uaminifu namna ile lisingepaswa kufundishwa jambo hili na serikali.

Kwa makampuni ya simu na ya mikopo ombi letu ni dogo: masharti yaandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno machache, na ruhusa ya kusoma majina isifungwe pamoja na huduma kana kwamba haviachani. Kwa Bunge twaomba kifungu cha 16 kitazamwe upya, ili mwenye kulalamika kwa nia njema asisimame pamoja na mzushi.

Kwenu, ndugu waamini: Dominika ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya kwanza, wajumbe wetu watakaa nyuma ya kanisa. Njoni na simu na namba za vitambulisho vyenu. Tutapiga pamoja *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kila mmoja, na usiyoitambua tutakusaidia kuomba ifungwe. Ujumbe wa kitapeli tutautuma kwa namba 15040. Mwenye malalamiko makubwa zaidi tutamwandikia barua, kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kabla ya kutia sahihi au dole gumba atasomewa yote yaliyomo. Mama tuliyeanza naye amekubali kuja, na mumewe pia. Namba yako ya siri usitutajie, hata tukikuomba.