Wapagazi Walipatana Kwanza

Usiku wa Novemba 7, 2024 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja mtaa wa Kanyenye, nimebanwa kwenye benchi kati ya dereva wa bodaboda na mzee mmoja aliyekuja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani. Mimi ni Yanga, kwetu sote ni Yanga, hilo nalisema mapema ili nisije nikasutwa. Siku hiyo Tabora United ilikuwa Chamazi inacheza na Yanga, na ikashinda 3-1. Kibanda kilitaka kuanguka. Siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha wake, Miguel Gamondi. Na mimi, Yanga wa kuzaliwa, nilijikuta nimesimama juu ya benchi nashangilia kufungwa kwa timu yangu.

Tulipotoka nje yule mzee alikunja kiti chake, akaniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, katika wale kumi na moja, nani wa hapa?" Nilifungua mdomo nikaufunga. Sikuwa na jibu.

Makala hii ni jibu langu, limechelewa mwaka na zaidi.

Tuanze na historia, maana wengi wetu hapa chuoni tumekuja juzi na tunadhani mpira wa Tabora ulianza na Tabora United. Haukuanzia hapo. Wazee wa mjini watakuambia habari za Milambo, timu iliyobeba jina la mtemi wa Urambo na kuwahi kucheza ligi ya juu ya nchi hii. Baadaye ikaja Rhino Rangers, timu ya jeshi, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2013 pamoja na Mbeya City na Ashanti United. Ilikaa msimu mmoja, ikashuka. Kisha mji ukakaa karibu miaka kumi bila timu ya Ligi Kuu, Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukabaki na mikutano, mabonanza na ligi za chini.

Halafu ikaja Kitayosce. Hii ilizaliwa Kilimanjaro, ikahamia kwetu, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023. Mechi yake ya kwanza, ugenini kwa Azam, mnaikumbuka wote: kwa matatizo ya usajili ilianza na wachezaji 8, wakapungua hadi chini ya 7 ambao sheria inawataka, mpira ukavunjwa Azam ikiwa mbele 4-0. Nchi nzima ilitucheka. Ikabadili jina ikawa Tabora United, ikaponea kwenye mechi za mchujo, msimu uliofuata ikamfunga Yanga. Mwaka 2025 ikabadili jina tena, sasa ni TRA United. Ndani ya miaka miwili na kitu, timu moja, majina matatu.

Kuna wenzangu wa hosteli wanasema hiyo siyo timu yetu, ni timu ya kununuliwa, imetua tu kama ndege. Hapo mimi siafikiani nao. Ukisema timu iliyotoka mkoa mwingine haiwezi kuwa ya Tabora, basi mji mzima wa Tabora siyo wa Tabora. Huu mji umejengwa na wapita njia. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda hadi Ujiji. Walikuja Waarabu na Waswahili wa pwani, wakaja Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakaja Waha na Wasukuma. Ukienda Kwihara kwenye tembe la Livingstone utaambiwa hata yeye na Stanley walikaa pale. Reli ilipofika mwaka 1912 ikaleta wengine tena. Mgeni kwetu si tatizo. Timu ya Kilimanjaro ikija ikapanga, ikapewa uwanja na mashabiki, hiyo ni desturi ya mji.

Swali la mzee lilikuwa jingine. Hakuuliza kwa nini wageni wapo. Aliuliza wenyeji wako wapi.

Wenyeji wako Ligi Daraja la Tatu, ndugu msomaji. Wako kwenye ligi ya mkoa, ile inayosimamiwa na chama cha soka cha mkoa wetu, TAREFA. Bingwa wake anakwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, akifanya vizuri kule anapanda First League, halafu Championship, halafu ndiyo Ligi Kuu. Ukihesabu vizuri, kijana wa Sikonge au Kaliua ana ngazi nne za kupanda kabla hajaonekana kwenye televisheni. Au klabu inunue nafasi ya klabu nyingine, iruke ngazi zote. Sishangai wenye pesa wakichagua kuruka.

Mwaka jana nilikuwa BTP katika shule moja ya sekondari wilayani. Kidato cha tatu nilikuwa na kijana, winga wa kushoto, ambaye alikosa vipindi vyangu vya Alhamisi na Ijumaa karibu kila wiki. Nilimwita ofisini kama walimu tunavyofundishwa, nikajiandaa kumpa ushauri nasaha. Akaniambia anachezea timu ya pale mjini kwenye ligi ya mkoa, wanasafiri siku hizo. Nikamuuliza analipwa nini. Akasema, "Nauli, mwalimu. Na tukishinda, buku tano." Nikamuuliza ameandikiana na nani. Akacheka. Hakuwa ametukana, alicheka kweli, kana kwamba nimemuuliza kama timu ina helikopta.

Kabla sijamaliza BTP yule kijana aliumia goti. Viongozi wa timu walikuja mara moja na soda na pole. Gharama za hospitali alilipa mama yake, muuza karanga stendi. Timu ikasajili winga mwingine, na kwa kuwa hakukuwa na karatasi, hakuna aliyevunja mkataba wowote. Siitaji timu, maana sitaki kesi, na pia kwa sababu nimeuliza kwa wachezaji wengine nikaambiwa hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Wenyewe wanaita soka la ridhaa. Neno zuri. Lakini ridhaa ya nini? Ridhaa ni pale mtu anajua anachokubali. Yule kijana alikubali kucheza. Hakuna aliyemweleza kwamba amekubali pia kujitibu.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye njia ya misafara, na niombe mnivumilie, mimi somo langu la kufundishia ni Historia. Tumezoea kusoma habari za wapagazi wa Kinyamwezi kama watu wa kuonewa huruma, watu waliobeba pembe za ndovu za wenzao begani, mzigo wa kilo kama thelathini, kutoka bara hadi pwani. Na kweli njia ile ilikuwa na unyama. Watumwa walipita hapa wakiwa wamefungwa, hilo tusilipambe. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa hakuwa mtumwa. Alikuwa mfanyakazi wa ujira. Kabla hajainua mzigo alipatana: nguo kiasi gani, posho ya kila siku kiasi gani, anafika wapi. Posho ikikatwa, wapagazi waliweka mizigo chini, na msafara wa tajiri mwenye bunduki ukakaa hapo hapo hadi wasikilizwe. Wakidhulumiwa zaidi, waliondoka usiku. Wazungu wengi waliopita njia hii wameandika malalamiko kurasa na kurasa kuhusu "ukaidi" wa wapagazi. Mimi nikisoma yale malalamiko naona watu wanaojua bei ya mabega yao.

Sasa nieleze, imekuwaje? Zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, mtu asiyejua kusoma, katika mji huu huu, alikuwa na mapatano ya kazi yanayoeleweka. Leo kijana wa kidato cha tatu, mwenye daftari na kalamu mfukoni, anaingia uwanjani bila hata mstari mmoja.

Najua majibu. Nimeyasikia kwa viongozi wa timu na mengine yana ukweli. Watasema timu za ligi ya mkoa hazina pesa, mfadhili ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi au mgombea anayetafuta kura, akikosa udiwani timu inakufa. Kweli. Watasema kusafiri Tabora hadi Igunga au Kaliua ni pesa ya mafuta inayomaliza mfuko wote. Kweli. Watasema ukianza kudai mikataba, timu zitajitoa na vijana watakosa hata pa kuchezea. Hili ndilo linaloniumiza kichwa, maana linaweza kuwa kweli pia.

Lakini mapatano siyo lazima yawe mamilioni. Mpagazi hakulipwa utajiri. Karatasi moja inatosha: jina la mchezaji, muda, nauli kiasi gani, akiumia nani analipa na mpaka kiasi gani, akiwa mwanafunzi mechi zisiingilie siku gani. Kama timu haiwezi kulipa matibabu, iandike hivyo hivyo kwamba haiwezi, mama wa kijana asome, aamue. Timu maskini inayosema ukweli haitajifia kwa sababu ya karatasi. Itakayokufa ni ile iliyokuwa inaishi kwa kutokuandika.

Na sisi wanachuo tunaingiaje? Kwanza, tuache kujifanya mashabiki wa mkoa siku moja tu tunapomfunga Yanga. Ligi ya mkoa ikichezwa, twende. Kiingilio chake hakifiki bei ya chipsi mayai, na boom likitoka tunatumia zaidi ya hapo kwenye vifurushi vya kuangalia Ligi ya Uingereza. Pili, serikali yetu ya wanafunzi ina wizara ya michezo ambayo kazi yake, tuseme ukweli, ni bonanza moja kwa mwaka na jezi. Iandae mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, wenzetu wanaosoma sheria wausaidie, upelekwe TAREFA na kwa timu. Wakikataa, tutakuwa tumejua wamekataa nini.

Tatu, na hili ni letu sisi wa ualimu. Kila mwaka tunatawanyika BTP wilaya zote za mkoa huu, Nzega, Urambo, Uyui, kote. Kila shule ina winga wake anayekosa Ijumaa. Tukimkuta, kabla ya kumwandikia barua ya utoro, tumuulize niliyomuuliza mimi: umeandikiana na nani? Na tusiishie kuuliza kama nilivyoishia mimi. Mimi nilimuuliza, akacheka, nikacheka naye, nikarudi kusahihisha madaftari. Wiki tatu baadaye goti lilikuwa limekwisha. Ningeweza kwenda na mama yake kuwaona viongozi. Sikwenda. Nilijiambia mimi ni mwalimu wa mazoezi tu, nina wiki chache, nitaonekana najipendekeza.

Yule mzee wa Kanyenye nilimwona tena mwezi uliopita, kiti kile kile. Nikamwambia, babu, wale wa hapa wako ligi ya mkoa. Akasema anajua, mjukuu wake mmoja yuko huko. Nikamuuliza ameandikiana na timu? Akanitazama kwa muda, akasema, "Hilo ndilo ungeniambia siku ile."