Risala ya Walimu wa Shule za Msingi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri Kuhusu Vigezo vya Kuangalia Masomo

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Ndugu Afisa Elimu, Awali na Msingi,
Ndugu Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule wa Wilaya,
Ndugu Maafisa Elimu Kata na Walimu Wakuu,
Walimu wenzetu,

Sisi ni walimu wa shule za msingi za serikali za kata hii.

Ndugu Mgeni Rasmi, mtu kuketi nyuma ya darasa akiwa na karatasi mkononi si jambo geni kwetu. Wapo kati yetu walioanza kazi enzi za ukaguzi, na wapo walioajiriwa baada ya wakaguzi kuitwa wathibiti ubora. Tumezoea kuangaliwa, na tunataka kuangaliwa, maana mwalimu anayefunga mlango peke yake miaka ishirini hudumaa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwa walimu, tulivipokea kwa furaha. Halmashauri ilipoleta mfumo wa kuangalia masomo kwa vishikwambi hivyo, hatukupinga. Tumevumilia mihula mitatu tukiambiana kwamba utarekebishwa. Tatizo letu ni vigezo vilivyowekwa ndani yake. Vigezo hivyo viliingizwa na mtu aliyeketi ofisini, na mtu huyo akiagizwa anaweza kuvibadili. Ndiyo maana tumekuja kwako.

1. Vigezo vya lazima visivyohusu madarasa yetu. Mwezi wa pili mwaka huu, mwalimu mwenzetu wa Darasa la Kwanza mwenye wanafunzi 112 alikuwa akifundisha sauti ya herufi m. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa. Aliwatoa nusu wakakaa chini ya mwembe, wakachora herufi mchangani kwa vijiti mahali anapoweza kuwaona kupitia dirishani. Waliobaki ndani aliwapa vizibo vya soda alivyoviandika herufi moja moja, wakavipanga juu ya dawati: m, a, m, a. Mtoto mmoja ambaye tangu shule ifunguliwe hakuwa ametamka neno mbele ya wenzake alisimama akasoma “mama”. Darasa zima lilipiga makofi, na mwangalizi naye alipiga.

Kisha mfumo ukamtaka mwangalizi huyo ajaze kigezo cha matumizi ya TEHAMA. Shule haina umeme. Hakuna mahali pa kuandika kwamba kigezo hakihusiki, na fomu haitumwi kigezo chochote kikiachwa bila alama. Akaweka 1 kati ya 4. Kigezo cha zana kina orodha ya kuchagua: projekta, kompyuta, video, chati iliyochapishwa. Vizibo havimo. Akaweka 1 nyingine. Wastani wa mwalimu yule ulitoka “chini ya kiwango”, na ndivyo jina lake linavyosomeka katika mfumo hadi leo.

Tunaomba kila kigezo kiwe na chaguo la “hakihusiki” ambalo haliingii kwenye wastani, na orodha ya zana iondolewe ili mwangalizi aandike alichokiona kwa macho yake.

2. Alama nyingi, maneno machache. Vigezo vya kujaza ni 34. Kipindi cha Darasa la Kwanza na la Pili ni dakika 30, kwa hiyo kila kigezo hakipati hata dakika moja. Mwangalizi huinamia kioo tangu salamu hadi kengele, na watoto wetu wameshazoea kuona utosi wake. Mwishoni mwalimu hupokea namba tu. Aliyepewa 2 kwenye “mbinu shirikishi” hajui kama kosa lake lilikuwa kuuliza maswali machache, kuwasahau watoto wa nyuma, au kuwajibia wanafunzi kabla hawajafikiri. Kesho yake anarudi darasani na namba ile ile, akafundishe vile vile. Nafasi ya maoni ipo, lakini imewekwa kuwa ya hiari, na waangalizi wengi kwa haraka ya kwenda shule nyingine huiruka. Hatuwalaumu. Mfumo ndio uliowaruhusu.

Tunaomba mwalimu na mwangalizi wakubaliane kabla ya kipindi vigezo visivyozidi sita. Chini ya kila kigezo paandikwe kwa maneno mwalimu wa alama ya 1 anafanya nini, na wa alama ya 4 anafanya nini. Maoni yawe ya lazima na alama ziwe za hiari: jambo moja lililofanyika vizuri, likitajwa pamoja na ushahidi wake, na jambo moja la kujaribu katika somo lijalo.

3. Lugha. Tunafundisha kwa Kiswahili na maandalio yetu ni ya Kiswahili, lakini vigezo vimeandikwa kwa Kiingereza. Shule mbili jirani zimekielewa kigezo kimoja kwa namna mbili na zikapewa alama tofauti kwa kazi ile ile. Tunaomba viandikwe kwa Kiswahili, kwa maneno yale yale yaliyomo katika andalio la somo.

4. Andalio lililopitwa na wakati. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu. Mfumo bado unadai hatua za zamani: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari na hitimisho. Mwalimu aliyeyashika mafunzo ya mtaala mpya hupoteza alama kwa sababu ya utii wake. Wengine sasa huandika maandalio mawili kwa kipindi kimoja, la kufundishia na la kuonesha, kazi inayowafanya wakeshe kwa mwanga wa tochi ya simu. Tunaomba vigezo vya kila darasa vifuate mtaala unaofundishwa katika darasa hilo.

5. Matokeo kutangazwa kabla ya mwalimu kuyaona. Hili limetuumiza kuliko yote. Taarifa ikitumwa hufika kwa viongozi kwanza, na mara mbili imebandikwa kwenye kundi la WhatsApp la kata, majina yakiwa yamepangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu mtu mzima, mwenye wajukuu, alipata habari kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani kwamba yeye ni wa mwisho. Katika mfumo hakuna mahali pa yeye kujibu.

Tunaomba taarifa isitumwe popote mpaka mwalimu ameisoma, ameketi na mwangalizi, na ameandika maelezo yake. Alama za mtu zisibandikwe. Kinachoonekana kuwa udhaifu wa wengi kipelekwe kwenye Jumuiya za Ujifunzaji zetu za Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambako tunakutana kusaidiana.

6. Kutoshirikishwa. Mwenzetu wa kitengo cha viziwi hufundisha kwa Lugha ya Alama. Alipewa 1 katika kigezo kisemacho kwamba sauti ya mwalimu isikike darasa zima. Angekuwepo mwalimu mmoja wa elimu maalumu siku vigezo vilipoingizwa, kigezo hicho kisingepita kama kilivyo. Tunaomba walimu wanne waitwe mezani: wa awali, wa madarasa ya chini, wa madarasa ya juu na wa elimu maalumu. Tumekwisha kuwachagua, na hawadai posho.

Ndugu Mgeni Rasmi, uangalizi wa muhula wa pili utaanza shule zitakapofunguliwa Julai. Tunaomba vigezo vipya viwe vimewekwa kabla ya siku hiyo, na mpaka hapo alama zilizomo zisitumike katika uhamisho wala upandaji daraja wa mwalimu yeyote. Alama ya mwalimu wa vizibo tunaomba ifutwe leo.

Tunaomba kuwasilisha.