Homa ya Mtoto wa Siko Seli Haingoji Kuche

Wazazi wa Kilakala, baridi ya Juni inakaribia, na likizo ya shule inakuja nayo. Kama nyumbani kwako yumo mtoto mwenye siko seli, soma hapa kabla hujampandisha Mgeta kwa bibi yake.

Mtoto huyo akipata homa, usisubiri kuche. Panadol na kitambaa cha maji kwenye paji la uso vimewatuliza wazazi wengi hadi alfajiri, na alfajiri wakamkuta mtoto hajitambui. Jioni anacheza, usiku anachemka, asubuhi bakteria wameshaenea kwenye damu.

Chanzo ni bandama. Siko seli tunaijua kwa maumivu ya mifupa, macho ya manjano na kuongezewa damu. Wachache tumeambiwa kwamba inavunja pia kinga ya mwili. Bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, ndiyo inayochuja damu na kuwanasa bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo kabla hawajazaliana. Seli nyekundu zilizopinda kama mundu huanza kuiziba mtoto angali wa miezi michache, na kwa wengi inakuwa imezidiwa hata kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Mtoto anatambaa, anacheka, ananenepa, kumbe kinga hiyo hana tena. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha mwaka 2009 kwamba hatari ya watoto hawa kuingiwa na bakteria kwenye damu inazidi ya wenzao takriban mara 26, na aliyeongoza ni bakteria wa nimonia.

Tena si ugonjwa wa wachache. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka.

Hapa Uluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na mtoto akiuguaugua maswali humwangukia mama: kwenu kuna nini? Naomba tuache. Siko seli ni kasoro ya jeni inayotoka kwa wazazi wote wawili. Baba aliyebeba jeni moja analima, anapanda mlima na mzigo, haumwi, mama vilevile. Wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ukoo unapokaa kumtafuta aliyeroga, mtoto anakosa dawa.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto wa siko seli hapati malaria. Si kweli, na imani hiyo inaua. Mwenye nafuu ni yule aliyebeba jeni moja tu, kama alivyoeleza Anthony Allison mwaka 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Mwenye jeni mbili malaria humwangusha vibaya. Alale kwenye chandarua kila siku.

Dawa ya kinga ipo, nayo ni penisilini ya kunywa, asubuhi na jioni, tangu mtoto ana miezi miwili au mitatu hadi angalau miaka mitano. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1986 ulionyesha kuwa inapunguza maambukizi haya kwa asilimia 84. Ukasitishwa mapema, kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima dawa watoto wa kundi lisilopewa penisilini. Usiikatishe kwa sababu mtoto amenawiri. Kunawiri hakuirudishi bandama. Na chanjo ya nimonia ya kliniki, ile ya wiki ya 6, 10 na 14, asikose hata moja.

Kuna watoto ambao hatujui kama wana siko seli. Mtoto wa miezi sita hivi akivimba viganja na nyayo, akalia kila akishikwa, msiishie kumkanda. Akapimwe damu.

Jifunzeni pia kuipapasa bandama. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe. Jamaica walipowafundisha akina mama kufanya hivyo, vifo vilipungua. Ukiikuta imevimba ghafla na midomo na viganja vya mtoto vimepauka, damu yake imekwama humo, na anahitaji kuongezewa nyingine bila kuchelewa. Saa hiyo si ya kwenda kuchanjwa chale.

Wenye mabinti wa bweni Kilakala Sekondari na kwingineko, mwambieni matroni waziwazi. Binti wa miaka 17 anaweza kuwa aliacha penisilini zamani, lakini homa yake bado ni dharura, na kuoga maji ya baridi alfajiri kunaweza kumwamshia maumivu makali.

Kuhusu Mgeta: kule juu baridi ni kali, na kushuka na mgonjwa usiku ni kazi ngumu. Mwaka huu bibi ashuke yeye.

Homa ikifika nyuzi 38.5, au huna kipimajoto ila kiganja chako kinakuambia anachemka, ondokeni. Mkifika, iwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, sema kabla ya jina na kadi: "Mwanangu ana siko seli na ana homa." Anahitaji antibayotiki mapema, kabla majibu yote hayajatoka, hata kama kipimo kimeonyesha malaria. Ukiambiwa ukae foleni, sema tena, chumba kizima kisikie.