Tafi apimwe kwa rula, si kwa mizani peke yake

Mizani hutuonyesha kilo zilizouzwa, lakini haitwambii samaki hao walikuwa wamekomaa kiasi gani. Ndiyo maana soko la pwani ya Kenya laweza kuonekana limejaa tafi ilhali bahari inazidi kufukarika.

Tafi akirefuka maradufu, uzito wake hukaribia kuongezeka mara nane. Anayevuliwa mchanga basi ni hasara mara mbili: nyama haijajaa, na hajawahi kutaga. Watafiti hujua kama tafi wanavuliwa kupita kiasi kwa kupima urefu wa samaki wanaovuliwa mwezi baada ya mwezi, na kukadiria kasi ya ukuaji na vifo. Vifo vinavyotokana na uvuvi vikizidi nusu ya vifo vyote, kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya uvuvi uliopita kiasi. Hasara haiishii sokoni. Tafi hula mwani, na mwani usipoliwa huyafunika matumbawe ambayo ni makao ya samaki wengine.

Wavuvi nao wana hoja nzito. Mwenye ngarawa hawezi kuambiwa asubiri samaki wakue ilhali watoto wanataka kula leo. Na kuwafuata samaki wakubwa kina kirefu kunahitaji mashine na mafuta. Kenya ilipiga marufuku juya, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, mwaka 2001, lakini bado linakokotwa katika baadhi ya fuo, kwa sababu linawapa riziki vijana wengi wasio na chombo. Amri peke yake haijaweza kuwapa riziki mbadala.

Ipo njia ya kati. Watafiti walijaribu malema, yaani mitego ya kusukwa, yenye mwanya mwembamba wa kuwapitisha samaki wadogo. Waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi kikapanda. Huo ni ushahidi kwamba kumhifadhi samaki na kumlisha mvuvi si mambo yanayopingana, mradi gharama ya mwanzo isibebwe na maskini.

Kaunti za Kwale, Kilifi na Lamu zianzie hapo. Zigharamie malema hayo na nyavu za macho mapana kwanza, kisha ndipo zikaze sheria dhidi ya juya. Vikundi vya usimamizi wa fuo navyo vipewe rula na mafunzo, vipime samaki wanapoteremshwa, na matokeo yasomwe hadharani mbele ya wavuvi wenyewe. Atakayepima kwa mkono wake hatahitaji kushurutishwa kuamini.